Siku Nilipopeleka Ushahidi wa Mubirizi kwa Baiskeli

Aibu hii afadhali niwasimulie mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia, maana yeye huitia chumvi. Ni enzi zile wakimbizi wamejaa Ngara, nami nimetoka kuumwa malaria, mwili umekwisha hata jembe nalitazama tu. Mama mkwe wangu, aliyevuka mpaka akafikia kambini bila kitu ila kitenge alichovaa na ujuzi wake wa majani, akawa ananichemshia majani ya mubirizi, machungu hayo, mke wangu ananiletea. Kila akienda huko anaulizwa jambo moja: mkwe amepata nguvu? Majirani zake kambini walikuwa wakimcheka kwamba majani yake hayana ushahidi, naye alishaanza kunyong'onyea, hata chakula hali vizuri.

Nikaingiwa na huruma, nikasema ushahidi nitaupeleka mimi. Kwa mila zetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, kugusana ndiyo kabisa, kwa hiyo mpango ulikuwa rahisi: nifunge mkungu wa ndizi kwenye baiskeli, nipite pale wanawake wanapopanga foleni ya maji, anione kwa mbali nikikanyaga kama kijana, basi. Mke wangu akanisihi niende kwa miguu. Nikamwambia anayetembea ni mgonjwa.

Mteremko niliushuka vizuri (nikapiga na kengele, wanawake wageuke). Kwenye kimwinuko karibu na bomba macho yakaingia giza, baiskeli ikaenda kwake na mimi kwangu, nikajikuta nimeangukia mapajani mwa mama mmoja aliyekalia dumu lake. Sikuhitaji kuuliza ni nani, foleni nzima ilikuwa imejishika midomo: mama mkwe.

Nilijaribu kuinuka, nikashindwa. Akajifunika uso kwa kitenge, akanishika kichwa, akaninywesha maji kwa kiganja bila kunitazama. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kunisemesha.

"Mwanangu," akasema, "nilikuwa nauliza nijue hali yako tu. Hao waache wacheke."

Nikalia, jamani, mbele za watu.

Nguvu zilirudi baadaye, na kama ni mubirizi au ni uji na usingizi, sijui mpaka leo. Ila sijapanda tena baiskeli kumthibitishia mtu kitu. Kikombe chake niliendelea kukimaliza, na akiuliza kama mkwe amepata nguvu, nilimtuma mke wangu aseme ukweli: bado kidogo, mama.