Viatu vya Safari ya Temeke

Jana mwalimu alimrudisha mwanangu nyumbani kwa kukosa viatu. Nilifura kwa hasira, nikaenda kumnunulia katambuga, na ile harufu ya tairi lililokatwa ikanirudisha Pugu, nikiwa darasa la kwanza.

Watembeaji wa matembezi ya kuunga mkono serikali walikuwa wametoka mpakani mwa Zambia kwa miguu, na sie watu wa Pugu tuliwasindikiza mpaka Temeke. Nililia ili nami niende. Mama akasema, "Haya, twende. Ukichoka nakuacha kwa mtu njiani. Mie sibebi mtoto."

Tuliimba, tukapunga matawi. Kabla ya Vingunguti katambuga zangu mpya zilikuwa zimenichuna visigino. Nikajikaza, nikageuza uso Mama asinione. Alishaona. Alinivua, akavua na zake, akazifunga zote kwa kamba na kuzitundika begani. Tukaenda peku kwenye mchanga wa moto, tukiimba.

Temeke shangazi alitupokea kwa maji ya mtungi. "Sema kweli, wifi, huyu umembeba."

Mama akazitua zile jozi mbili mlangoni. "Nimebeba viatu tu. Mwenyewe kaja kwa miguu yake."