Mama Mdogo Aenda Bankstown

Niliondoka Morogoro kwa sababu moja: mtoto wa marehemu dada yangu Rehema. Dada alifia Sydney, akamwacha binti mdogo, Tatu, na mumewe Lars, Mswidi. Mama ndiye aliyenisukuma. "Nenda mwanangu. Mama mdogo ni mama. Mtoto asije akajiona hana mtu."

Asubuhi ya kufika, Lars alinipokea uwanjani na Tatu. Kiswahili cha Lars kinatiririka, maana alifundisha ufundi Morogoro miaka mingi. Mtoto akanipa mkono: "Hi, Auntie."

Loo! Auntie? Nilitabasamu, lakini iliniuma.

Bankstown, mtaa wao pale Sydney, nikaelewa. Kila mwanamke Mwafrika pale ni auntie: jirani yao Wanjiku, nesi wa Kikenya, muuza vitenge, hata mama aliyetupisha kwenye foleni. Na mimi nimo humo humo.

Jioni, Lars aliporudi kutoka kazini Smithfield, nikamtolea uvivu. "Shemeji, mimi si auntie. Shangazi yake ni dada yako. Mimi ni damu ya mama yake."

Hakukasirika. "Hata Kiswidi hakichanganyi. Dada yangu ni faster. Wewe, dada wa mama, ni moster. Bibi mzaa mama ni mormor, mzaa baba ni farmor."

"Afadhali! Na huyo moster hulea?"

Akafikiri. "Huleta zawadi, halafu hurudi kwake."

"Basi mimi sikuleta zawadi."

Wiki zile nilimsuka Tatu, nikamwogesha, nikamkaripia alipochezea chakula. Akininunia, namwacha anune mpaka achoke. Siku moja alianguka na baiskeli uani. Alimpita baba yake, akaja kulilia mapajani mwangu.

Siku ya kurudi, Wanjiku alitupeleka uwanjani. "Tatu, say bye to Auntie."

Tatu akaning'ang'ania kiunoni. "She's not Auntie. Ni Mama Mdogo."

Lars alinikabidhi begi langu. "Likizo ijayo namleta," aliniambia. "Akae kwa mama yake."

Ndani ya ndege nililia bila haya. Nimejifunza kwamba ndugu waweza kupewa jina na lugha yoyote, lakini umama hauji mpaka uutumikie.

Nyumbani, Mama hakuniuliza habari za Sydney. Aliuliza, "Anakuitaje?" Nikamwambia, nikamwambia na ahadi ya Lars. Akainuka kutafuta ufunguo.

"Tufungue chumba cha Rehema," alisema. "Mtoto atalala wapi?"