Marta Hakubeba Sabuni

Kapu la Marta lilikuwa moja, na kipimo chake kilikuwa shingo yake. Mzigo usioweza kujitwisha mwenyewe, alisema, usiende nao ugenini, maana huko nani atakutwisha? Basi asubuhi ile pale kijijini Gare, juu milimani, enzi za Mwingereza, kapu lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na bado wifi yake Dina alisimama mlangoni amekumbatia kipande cha sabuni ya mche, chupa ya mafuta ya nyonyo, dodoki na taulo jeupe la wageni.

"Wifi, na hivi vitaingia wapi?"

"Haviingii."

"Haviingii! Unakwenda Mombasa, nchi ya watu, nyumbani kwa mkweo. Utaogea nini, mate?"

"Nitanunua hukohuko. Sabuni haioti Gare peke yake."

"Punguza basi huo unga."

"Unga haupungui, Dina. Ukitaka kupunguza kitu, punguza maneno."

Dina alicheka, lakini hakuridhika. Hakuwa amesikia aliyoyasikia Marta. Samsoni, kijana wa jirani anayefanya kazi bandarini, alikuwa amekuja likizo na habari: Klara, binti wa Marta, amejifungua salama mtoto wa kiume kule Mombasa, ila chakula kimemshinda. Wali wa nazi akiuonja anautapika, samaki hata harufu yake hataki. Amekonda, maziwa yanakauka, na mtoto analia. "Anataja uji wa ndizi tu, mama," Samsoni alisema, na Marta hakumngoja amalize.

Ndiyo maana kapu lile lilijaa unga wa ndizi zilizokaushwa juani, samli, maharage na asali. Marta alikuwa mjane aliyelea watoto wake kwa jembe na kwa kusuka makapu, na kapu la mkono wake watu walilitambua sokoni bila kuuliza, kwa jinsi lilivyobana hata unga usivuje. Hili alilojitwisha lilikuwa bora kuliko yote aliyowahi kusuka. Aliteremka nalo milima kwa lori la mboga hadi Mombo, akapanda garimoshi hadi Tanga, kisha basi la kuvuka mpaka, na njia nzima hakulishusha mapajani.

Alifika Mombasa Jumapili mchana. Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la mtu wa milimani hasa. Kwao, Jumapili ndiyo siku ya kununua: watu wakitoka ibadani wanaingia sokoni, na mwenye duka anayefunga siku hiyo atasemwa kuwa ana wazimu. Marta akadhani ulimwengu wote uko hivyo. Alipita mtaa baada ya mtaa, milango ya maduka imefungwa kwa makomeo, na yeye amejaa masizi ya garimoshi na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

Akaingia uani kwa mkwewe, akashusha kapu, akasimama palepale. Kutoka chumbani alisikia mtoto akilia, kilio chembamba cha mtoto mwenye njaa. Miguu ilitaka kukimbia. Lakini mtoto mchanga hashikwi kwa mikono ya njiani, na chungu cha mzazi hakiinjikwi na mtu mwenye masizi. Maji matupu hayatoi masizi. Na katika ukoo wa kina Marta, mama mkwe hapokei kitu cha kuogea wala cha kujipaka kutoka nyumba ya mkwewe. Akiomba, amejivua heshima, na mkwe naye amemvua yake. Yonathani, mkwewe, alikuwa kijana wa hukohuko milimani, alilijua hilo. Alisema "Shikamoo mama" kwa mbali, akainamisha kichwa, akatoka nje asimwongezee aibu.

"Mama, ingia!" Klara aliita kwa sauti iliyokwisha.

"Nakuja, mwanangu. Tulia."

Jirani wa chumba cha pili, Mwanasha, mwanamke wa palepale Mombasa, alikuwa kibarazani akimtazama.

"Mwenzangu, mbona wasimama juani kama mdai?"

"Natafuta pa kununua sabuni."

"Leo? Leo hupati. Ala! Huko bara kote hamna sabuni?"

"Sabuni ipo. Nafasi ndiyo haikuwapo."

"Chukua yangu basi, uoge."

"Ahsante, dada, lakini sikuja kuomba. Niuzie."

Mwanasha aliangua kicheko. "Niuze kipande cha sabuni! Mimi nina duka?" Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kutua kwenye kapu. Akaja, akalipapasa, akaligeuza, akatia kidole asione pa kupenya. "Hili wauza?"

Marta alilitazama kapu lake. Kisha akatandika mkeka wa uani, akatoa unga, samli, maharage na asali, kimoja kimoja, bila haraka, akalikung'uta na kumkabidhi.

Kwa kapu lile alipata sabuni nzima, chupa ya mafuta ya nazi, mswaki na leso ya kujifutia. Mwanasha alitaka kuongeza udi kidogo, "wa bure, shoga yangu," Marta akakataa. "Nimenunua, sikupewa. Tuishie hapo tupendane." Mwanasha alisimulia maneno hayo mtaa mzima jioni ileile, na wala hakuyasimulia kwa kebehi.

Marta alioga hadi maji yakatiririka meupe, akajipaka yale mafuta ya nazi. Ndipo akaingia, akamchukua mjukuu, akamtazama uso, akamrudisha kifuani kwa mama yake na kwenda jikoni. Uji ulichemka, samli ikaelea juu. Akamwinua Klara kwa kumtegemeza mgongo, akamshikia bakuli.

Klara alivuta pumzi. "Mama, unanukia Mombasa."

"Kunywa uji."

Alikunywa funda la kwanza akiwa amefumba macho. Marta alisubiri kuona kama uji utarudi. Haukurudi. Likafuata la pili, kisha Klara mwenyewe akalishika bakuli kwa mikono miwili, hakuliachia hadi likaonekana tako lake.

"Upo mwingine?"

Marta alikuwa amekwisha simama.