Namba Aliyoondoka Nayo

Kaka yangu mkubwa amepanda nguzo za simu kwa miaka thelathini na mmoja, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Nguzo. Hata mkewe. Ni mrefu, mkavu, hana maneno mengi, na ukimpa habari mbaya anakuna kidevu kwanza, halafu anaomba chai. Nilimkasirikia sana mwaka huu. Leo hasira imeniisha, na kilichobaki badala yake ni kibaya kuliko hasira.

Simu iliingia nyumbani kwetu nikiwa na miaka tisa. Nguzo alikuwa na kumi na minne, akamganda fundi aliyekuja kuifunga tangu asubuhi mpaka jioni, akimshikia waya, na hapo ndipo shule ilipompoteza. Ilikuwa simu nyeusi, nzito, ungeweza kumzimisha mwizi nayo. Baba akatia kufuli kwenye lile duara la kuzungushia namba ili tusimfilisi. Wiki haikuisha, Nguzo akagundua kwamba ukigongagonga kitufe cha kukatia kwa kuhesabu, simu inaita hivyo hivyo, kufuli na lining'inie. Mama akaifumia kitambaa cheupe. Majirani wote wakaigeuza yao, na kazi yetu ikawa kukimbia mtaani tukipiga kelele, "Mama wa kona, unaitwa kwenye simu!" Naye anakuja mbio, mikono ina povu la sabuni, anamfokea mpigaji kama vile yuko ng'ambo ya mto.

Namba yetu ilikuwa na tarakimu tano. Mbili, saba, moja, tano, sita. Tuliirukia kamba. Mdogo wetu, kitinda mimba, aliijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Siku hizi sijui hata namba ya mwanangu mwenyewe. Nabonyeza jina, inaita.

Nguzo ndiye aliyetufundisha adabu za simu, kwa kiburi cha mtu aliyeshika waya siku moja. Inua taratibu, alisema. Ukisikia ule mlio mrefu, laini iko wazi, piga. Usipousikia, kukiwa kimya tu, usibamize, maana kimya ni mtu: yupo upande wa pili, hajaanza kusema. Sisi tulicheka. Mama hakucheka, alilishika lile somo kuliko sote.

Mdogo wetu aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa amefeli mtihani mara ya pili, na Baba alimwambia mbele ya wageni kwamba yeye ni mzigo. Asubuhi yake akachukua mkoba wa shule, akatoa madaftari, akatia nguo. Baada ya wiki tatu akapiga simu kutoka kibanda cha njiani. Mama akapokea.

"Umekula?" ndilo neno la kwanza Mama alilomwambia.

"Nimekula, Mama. Nitapiga tena Jumapili."

Sarafu zikamwishia, simu ikakatika. Hiyo ni miaka ishirini na sita iliyopita, na hatujasikia sauti yake tena. Baba alikufa bila kulitaja jina lake, ila kwenye kitabu chake tulikuta picha ya kijana huyo, imechakaa pembe kwa kushikwashikwa.

Mama akajipangia maisha yake kuizunguka ile simu. Kila asubuhi, akishanawa uso na kabla hajaweka chai jikoni, anafunua kitambaa, anainua mkono wa simu, anasikiliza mlio, anasema "Ipo," anarudisha. Jumapili hatoki nje hata kwa msiba wa jirani. Nguzo alimjengea chumba kizuri kwake, chenye dirisha kubwa, Mama akakataa kuhama. Nilipoachika nikarudi kuishi naye, nikamnunulia simu ya mkononi. Akaigeuzageuza kama anayechagua nyanya, akaniuliza, "Mwenzenu anayo namba ya hii?" Nikasema hapana. Akanirudishia.

Na laini ile haikufa hata siku moja. Mvua ikinyesha, nguzo zikianguka, mtaa mzima ukikatika, ya Mama ipo. Nguzo alikuwa akimaliza kazi anapita kwanza kwetu, bado na mkanda wake wa zana kiunoni, anakagua waya. Bili alilipa yeye, karatasi zote zilikwenda kwake. Nilimwona ndiye mtoto bora kati yetu, na nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja. Alikuwa anakuna kidevu.

Mwezi uliopita alinikalisha kwenye kizingiti cha nyumba yake. Kampuni inaondoa waya zote za shaba, alisema, inaweka za kisasa, na simu za mezani za zamani zinakufa zote. Mtaa wetu ameomba aufanye yeye, iwe kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, ili asije mtu baki kuikata ya Mama.

"Kuna jingine," akasema. "Namba ilibadilika."

"Namba gani?"

"Ya nyumbani. Miaka kumi na minane sasa. Walipobadilisha mitambo waliongeza tarakimu mbili mbele. Miezi sita ya mwanzo aliyepiga ile ya zamani alikuwa anaambiwa na sauti ya mashine. Baadaye wakaitoa. Mtu akipiga ile yetu haifiki popote."

Nikatoa simu yangu, nikahesabu tarakimu: saba. Namba ya Mama kwenye simu yangu aliiweka yeye mwenyewe, miaka hiyo hiyo, chini ya neno "Mama". Nimeibonyeza labda mara elfu kumi. Sikuwahi kuisoma.

"Kwa hiyo miaka yote hii mama yetu anainua simu bure?"

"Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia!"

"Wewe ungeweza?" akaniuliza, si kwa ubishi, kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikamtukana tusi ambalo sijalitumia tangu shuleni, nikaenda zangu. Nilikuwa nusu ya njia ndipo nikakubali moyoni kwamba nisingeweza.

Lakini tuliyamaliza. Tukapatana kwamba siku ya kukata, kabla hajagusa waya, atamwambia Mama ukweli, mimi nikiwepo, ili walau hii miaka michache iliyobaki awe huru kutoka nje Jumapili. Ana miaka themanini na mmoja. Tuliona hilo tu ndilo tunaloweza kumpa.

Alikuja saa nne asubuhi, amevaa sare iliyopigwa pasi, kama anayekwenda kuhojiwa kazi. Nikamimina chai. Mama akamtazama koleo kiunoni.

"Umekuja kuitazama laini?"

"Nimekuja kuitoa, Mama. Wanaziondoa zote."

Mama akatua kikombe. Akanyoosha kitambaa cha simu ambacho hakikuwa na mkunjo wowote.

"Na mwenzenu akipiga?"

Huo ndio mlango tuliokuwa tunausubiri, na aliufungua mwenyewe. Nguzo akanitazama. Mimi nikatazama majani ya chai. Nasema kweli, nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza pamoja na chai.

"Kampuni itampa namba mpya," Nguzo akasema.

Mama akatikisa kichwa polepole. "Haya. Basi niache niusikilize mlio mara ya mwisho."

Akakaa, akainua mkono wa simu, akauweka sikioni. Nguzo akatoka. Dirishani nilimwona akifungua kisanduku cha chuma zinakokutana waya zote, mwisho wa mtaa, akasimama muda mrefu mkono ukiwa ndani. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba niliusikia mlio kutoka nilipokaa, mwembamba. Kisha ukakatika, kukawa kimya tu.

Mama akashtuka. Akaninyooshea kidole, ninyamaze. Uso wake ulifunguka, sijauona hivyo tangu nikiwa msichana.

"Haloo?" akasema. "Haloo, baba. Umekula?"

Nilisimama. Nilitaka kumpokonya, nikakaa tena. Nguzo akaingia na koleo mkononi, na Mama akaziba mdomo wa simu kwa kiganja, akamnong'oneza kwa haraka, "Usiikate kwanza. Yupo."

Kaka yangu akaitazama koleo yake. Hakukuna kidevu.

"Sawa, Mama," akasema. "Siikati."

Tangu siku hiyo tunaishi watatu: Mama, mimi, na mdogo wetu. Asubuhi Mama ananawa uso, anafunua kitambaa, anainua, na kila akiinua anamkuta. Wiki ya kwanza alimsimulia habari zote: kifo cha Baba, paa jipya, mimi kuachika. Alikuwa anacheka. Wiki ya pili alikuwa anasimulia kidogo, anangoja sana. Nguzo haji tena. Anatuma chakula kwa mkewe.

Jana nilikuwa jikoni nikamsikia akisema taratibu, kama anayeomba radhi kwa mtu mzima mwenzake, "Nimekukosea nini, mwanangu? Kila siku upo, mbona hutaki kusema na mimi?"