Usiseme "Imehifadhiwa"

Katika kliniki ya watoto, fundi wa kompyuta aliitwa Mama Hakika, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Karani yeyote akimwambia kazi imekwisha, alijibiwa: "Una hakika?" Makarani walimwigiza nyuma ya mlango. Yeye aliwasikia, akacheka nao, kisha akauliza tena.

Jambo lililomkata maini lilimpata mtoto wa mdogo wake, binti mdogo aliyemwita mama mkubwa. Mtoto huyo aliwahi kuchomwa penisilini, akavimba uso, nusura akose pumzi. Karani aliliandika jambo hilo, skrini ikatoa neno "Imehifadhiwa", mama mtu akaenda zake akiwa ametulia moyo. Punde si punde umeme ukakatika. Aliporudi siku nyingine, mtoto akiwa na maumivu ya koo, muuguzi alikuwa ameshavuta penisilini kwenye bomba la sindano. Ni yowe la mama lililomzuia.

Mama Hakika aliichunguza mashine, akakuta haikuharibika. Ilikuwa imepangwa hivyo. Maneno ya karani yalikaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukizimika, yakingoja yarundikane yapelekwe kwenye diski kwa mkupuo mmoja. Kwa njia hiyo foleni ilikimbia. Lakini skrini ilikuwa ikitamka "Imehifadhiwa" kabla safari ya diski haijaanza.

"Daktari, huu ni uwongo," alimwambia mkuu wa kliniki. "Na kumdanganya mzazi kuhusu mwanawe ni dhuluma."

"Mama Hakika, wewe unaona mashine, mimi naona foleni. Mtoto mwenye homa akipigwa na jua pale nje, nani atamjibu mama yake?"

 Betri ya akiba, ambayo ingemaliza ubishi wote, ilikuwa imeahidiwa hata ahadi yenyewe ikaota kutu. Watu wazima wenye vyeo hukubali mtoto alipe gharama ya uzembe wao, kisha huuita uzembe huo uhaba!

Basi akaipanga mashine upya: kila taarifa iende kwenye diski peke yake, ifike, ndipo skrini itamke. Hakuna lililopotea tena. Ila foleni ilirefuka hadi langoni, na watoto wakawalilia mama zao mgongoni. Miongoni mwa mama hao alikuwa mdogo wake.

"Dada, umemwokoa mtoto na sindano, sasa unataka kumchoma jua? Haraka haina baraka, sawa. Na polepole nayo ina laana yake!"

Jioni ile walikuwa wakiosha vyombo uani kwa mdogo wake. Mama Hakika, mawazo yakiwa mbali, alisuuza sahani moja, akaipeleka jikoni, akarudi kuchukua nyingine.

"We dada, hizo sahani ni za mfalme?" mdogo wake alicheka. "Ngoja zifike nne tano, weka kwenye sinia, peleka mara moja."

Mtoto, aliyetaka hadithi yake, akaita kutoka mlangoni: "Mama, vyombo tayari?"

"Bado, mwanangu. Viko kwenye sinia, havijafika kabatini."

Mama Hakika alisimama na sahani inayochuruzika maji, akamtazama mdogo wake kama aliyemwona leo.

"Nini tena? Nina povu usoni?"

"Hapana, mdogo wangu. Endelea kusema."

Kesho yake aliipanga mashine ingoje kitambo kifupi, ikusanye taarifa za makarani wote walioko madirishani, izipeleke kwenye diski pamoja. Na skrini yoyote isitamke neno lake mpaka diski ijibu. Kila mama alingoja kidogo zaidi kuliko siku zile za uwongo, lakini foleni ilisogea.

"Umerudisha mpango wa zamani?" daktari aliuliza.

"Nimerudisha mbio, daktari. Uwongo nimeuacha hukohuko. Na betri?"

Daktari akatazama viatu vyake.

Mdogo wake alikuja na mtoto kuandikisha upya habari ya penisilini. Karani aliandika, akabonyeza, na papo hapo umeme ukakatika. Chumba kizima kikaguna.

"Nenda tu mama, nimeshabonyeza," karani alisema.

"Siendi. Haijasema."

Aliketi kwenye benchi, mtoto mapajani. Mama Hakika akaja akakaa kando yao. Umeme uliporudi walitazama: taarifa haikuwamo. Karani aliiandika tena, akabonyeza. Kisha neno likatokea.

"Una hakika?" mdogo mtu aliuliza, akimtania dada yake kwa jicho.

"Nina hakika," dada mtu alijibu.

Mtoto alikuwa amelala. Mama mkubwa akampokea, akambeba yeye mwenyewe hadi langoni.