Fundo la Fahali Kwenye Tanga

Juzi hapa Segese kijana wa bodaboda alinitazama nikifunga gunia la mchele kwenye pikipiki yake, akacheka: "Mama, fundo hilo nitalifunguaje?" Nikacheka naye. Fundo hilo silipendi, ila mikono haijalisahau.

Sisi ni watu wa ng'ombe, ndugu yangu. Baba alinifundisha kufunga fahali ningali mdogo, na fundo langu halikuwahi kuachia. Nilijivuna nalo kupita kiasi. Kila kiangazi mama alinichukua kwenda kumsalimia bibi ng'ambo ya ghuba ya ziwa, upande wa Geita, tukivuka kwa mtumbwi wa tanga wa mjomba. Mtumbwi ulinuka dagaa. Mama, asiyejua kuogelea, alikaa katikati amekumbatia kapu la michembe ya bibi, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Mjomba alichagua mafundo kama mtu anayechagua mbegu. Nanga ilikuwa na fundo lake, kuunga kamba mbili nako na lake. La tanga aliliachia ncha nje, uvute mara moja lifunguke. "Fundo la majini lishike," alizoea kusema, "lakini likutii likilowa." Siku hiyo alikuwa kwenye usukani, akaniambia nifunge kamba ya tanga. Fundo lake niliona la kizembe. Nikafunga la fahali, nikalikaza kwa meno.

Katikati ya ghuba upepo ukageuka. Mtumbwi ukalala upande, maji yakaanza kuingia. "Achia tanga!" mjomba akapaza sauti. Nikavuta. Kamba imelowa, fundo limekuwa jiwe. Nikang'ang'ana nalo hadi kucha zikakatika. Mama alinishika gauni kwa nyuma, maji yakimfika kiunoni. Niliogopa kumtazama. Mjomba akaacha usukani, akatambaa, akaikata kamba kwa kisu cha samaki. Mtumbwi ukainuka.

Hakunigombeza. Alilitazama lile fundo, bado limekaza, akasema, "Umefunga vizuri, ng'wanawane, mwanangu. Ila huyu si ng'ombe." Heri angenichapa.

Matanga yenyewe yamekwisha. Siku hizi ni injini tu, na mjomba naye hayupo. Tangu siku ile mama hakupanda mtumbwi tena. Kwa bibi akawa anazunguka kwa barabara, safari ya siku mbili, kwa hiyo alikwenda kwa nadra. Bibi alipozidiwa, mjomba alituma mtu: upepo ni mzuri, vukeni leo. Mama akasema tutazunguka.

Tulipofika, waliomzika walikuwa wananawa mikono.