Dada Alipopata Hamsini kwa Mia

Siku mama alipomleta dada yangu maabara, alinikuta nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka karibu lisimame lenyewe. Nilikuwa na miezi mitatu tu kazini pale Same, na kiburi changu, Mungu anisamehe, kingetosha hospitali mbili. Walikuwa wameshuka na lori la tangawizi kutoka kijijini kwetu Mamba. Dada alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza, na mama alikwisha kuamua: mtoto atazaliwa nyumbani, juu mlimani, mikononi mwake. Kilichobaki ni mimi kusema kwamba damu inatosha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usimuumize mwenzio."

Nikamtoboa dada kidole, nikagusisha tone kwenye karatasi ya kunyonya, nikasogea dirishani. Wakati ule mashine hatukuwa nazo. Tulikuwa na kadi yenye rangi kumi, kuanzia waridi iliyofifia hadi nyekundu iliyoiva, kila rangi na tundu lake na namba yake, kumi hadi mia. Unalinganisha tone na rangi, unasoma. Mtu mzima mwenye afya tulimtarajia awe na sabini kwenda juu. Mjamzito tulimvumilia hadi sitini. Akiwa chini ya hapo harudi mlimani, anasubiri uchungu karibu na hospitali, maana akivuja damu hana akiba.

"Hamsini," nikasema.

Mama akapiga vigelegele.

Ala! Nikadhani hakunisikia. Kumbe alisikia vizuri mno. Mwaka ule mama alikuwa mwanafunzi wa elimu ya watu wazima, na kwenye mtihani wa kusoma na kuhesabu alipata arobaini na nane kwa mia, akapigiwa makofi, akapewa cheti, akakitundika ukutani mahali ambapo hata mgeni wa kuomba maji asingekikosa. Sasa binti yake kapata hamsini. Kampita mama yake!

"Mama, kwenye damu hamsini ni kufeli."

"Nani kasema?"

"Kadi."

"Hiyo kadi waliipaka rangi wakitazama damu ya nani? Ya hao Wazungu wanaokula nyama kila siku! Wewe umekua kwa makande, mbona hujapungukiwa kitu ila adabu?"

Foleni nzima ikacheka, muuguzi naye akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Nikakohoa. Hata leo mtu akiniuliza kiwango cha kawaida ni cha kawaida kwa nani, hukohoa kwanza.

Mama akashusha sauti. "Mwanangu, mwongezee kumi tu. Mwalimu wetu alikuwa akituongezea."

"Mwalimu wenu akiongeza, unapata cheti. Mimi nikiongeza, huenda tukamzika dada."

Nilijisikia vibaya, lakini ile hamsini niliyoiandika sikuifuta.

Basi dada akabaki mjini, akimeza vidonge vyake, na mama akabaki naye akininunia. Kila nikipita namsikia akiwaambia wenzake, "Haya, kaeni vizuri, mkaguzi anapita."

Dada akajifungua mtoto wa kike, salama. Kisha damu ikakataa kukatika. Nikaambiwa nitafute wa kumtolea damu, upesi. Niliogopa, jamani, niliogopa mpaka kalamu ikanidondoka mara mbili. Nikapima damu ya mama, ikapatana na ya dada. Nikashika kadi: sabini.

"Nimefaulu?" akauliza.

"Umefaulu, mama."

"Sasa unangoja nini? Chukua!"

Akalala, akageuza uso pembeni, tukajaza chupa. Mchana ule wote alikaa kwenye benchi akitazama mlango wa wodi, na hakumtania mtu yeyote. Kufika jioni damu ya dada ilikuwa imekatika, akaomba uji.

Baada ya siku nane nikampima mama tena. Kadi ikasema sitini, kumi pungufu. Nikamtazama alivyokaa, kanga imemlegea begani, moyo ukanilegea na mimi. Daftarini nikaandika sitini, kwa sababu daftari ni daftari. Mdomoni nikasema, "Themanini, mama. Hongera."

Hakujibu. Akalivuta daftari, akatembeza kidole hadi kwenye mstari wenye jina lake, akasoma polepole kwa sauti ile ya darasani: "Si-ti-ni."

Loo! Mimi, mkaguzi! Nilitamani ardhi ipasuke nizame na koti langu.

"Usiniongezee," mama akasema, akinyoosha kidole kuelekea wodini. "Zile kumi hazikupotea. Ziko pale kitandani, zinanyonyesha."